Nilimwambia Baba Mkwe Ana Kansa, na Mimi Si Daktari

Nimekosa, na sitaki mnihurumie mapema. Someni kwanza. Mkimaliza mnaweza kunitukana, hamtakuwa wa kwanza. Mke wangu ameshatukana, mashemeji wameshatukana, na mama mkwe, ambaye hajawahi kutukana tangu abatizwe, alijaribu.

Kosa lenyewe ni hili: nilimwambia baba mkwe wangu ana kansa ya tezi dume. Hakuwa nayo! Na hakuna mtu aliyenituma.

Mimi ni mtu wa maabara katika hospitali moja wilayani Tarime. Jina lake liacheni, hospitali haina kosa, mwenye kosa ni mimi na mdomo wangu. Kwa miaka mingi nilipima malaria, mkojo na choo. Baadaye nikapelekwa kozi fupi ya kuandaa vinyama. Daktari akichukua kipande cha uvimbe kwa mgonjwa, mimi nakigandisha kwenye nta, nakikata vyembamba kama ganda la kitunguu, nakibandika kwenye kioo, nakipaka rangi ya zambarau na waridi. Kazi yangu inaishia hapo. Anayesoma ni daktari wa patholojia, mama mmoja makini anayekuja kwa zamu kutoka Mwanza.

Lakini jamani, mpishi gani asiyeonja?

Nikawa naonja. Kabla daktari hajafika, naweka kioo kwenye hadubini, nachungulia, najisemea kimoyomoyo: hii mbaya, hii salama. Daktari akija akisema kama mimi, kichwa kinavimba. Akisema tofauti, nasahau haraka sana. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa bingwa bila kusoma: anahesabu alizopata, alizokosa anawaachia ndege.

Sasa baba mkwe. Nitamwita Mzee Wambura, ingawa siyo jina lake. Ni mkulima na mfugaji wa Machochwe, kule mpakani na hifadhi. Tembo wakiingia kwenye mtama wake anawatukana mpaka na mama zao. Kijiji kizima kikitaka kuhasi madume wa kulimia, kinamwita yeye. Ana koleo lake la kazi hiyo, analipenda kuliko Biblia, na anaweza kumgeuza dume kuwa maksai huku anakupigia hadithi.

Mvua za vuli zilipoanza, mkojo ukamgomea. Kumbe ulikuwa umeanza kusumbua zamani, akawa anaficha. Anasimama nyuma ya zizi, anasubiri, anakohoa, ng'ombe wanamshangaa. Siku ilipogoma kabisa, mke wangu, nitamwita Bhoke, akamleta Tarime, mzee mzima analia kama mtoto.

Wakamwekea mpira wa mkojo na mfuko wake. Kisha daktari akavaa glavu, akampima kwa kidole kule nyuma. Mzee alitoka pale amekunja uso, akaninong'oneza, "Mura," yaani kijana, "yule daktari ana wazazi kweli?"

Daktari aliona tezi imekua sana na ina sehemu ngumu kidogo. Akachukua vinyama kwa sindano ili vipimwe. Mzee akaambiwa asubiri majibu. Na Machochwe ni mbali, basi akasubiri wapi? Kwangu!

Mnaotoka huku mnajua maana yake. Mkwe na baba mkwe kukaa nyumba moja ni mtihani. Nikiingia sebuleni, anatoka. Akiingia yeye, natoka mimi. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama malori ya Sirari. Mfuko wake wa mkojo aliuficha ndani ya koti kubwa, joto liwake lisiwake, na ole wako uutazame.

Ningevumilia. Kilichonichoma ni dharau. Mzee Wambura hakuwahi kunikubali. Alitaka binti yake aolewe na mtu wa ng'ombe, akaolewa na mtu wa vikopo vya choo. Kila wageni wakija alikuwa na wimbo mmoja.

Jumapili moja, baada ya ibada, wazee wawili wa kanisa walikuja kumjulia hali. Bhoke alikuwa amepika kichuri, na Mzee, mbele ya supu ile chungu anayoipenda, alikuwa amechangamka. Mmoja wa wageni akaniuliza kwa heshima kabisa, "Na wewe mwanetu, unafanya kazi gani pale hospitali?"

Sijafungua mdomo, Mzee akadakia. "Huyu? Alisoma sana huyu. Anapima mavi! Binti yangu alikwenda kwa mtu anayekoroga mavi kwa kijiti."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na supu. Bhoke aliinama. Watoto wangu walikuwa mlangoni, wakacheka pia, maana neno "mavi" kwa mtoto ni sikukuu.

Nilicheka na mimi. Lakini kicheko kile nilikiweka akiba.

Kesho yake vinyama vya Mzee vilikuwa tayari mezani kwangu, vimepakwa rangi, vinamsubiri daktari. Ningekuwa na akili ningeviweka kwenye boksi. Nikaviweka chini ya hadubini.

Niwaeleze nilichoona, maana hapo ndipo penye kosa. Ndani ya tezi dume kuna vifuko vidogo vidogo vinavyotengeneza majimaji. Tezi ikikua kwa uzee tu, vifuko vinaongezeka, lakini kila kifuko kinabaki na kuta mbili za seli: ya ndani na ya ukingoni. Kansa inavuruga. Ukuta wa ukingoni unapotea, vifuko vinabaki na ukuta mmoja, vinakuwa vidogo, vinabanana, vinapenya kila mahali kama magendo.

Nikaona vifuko vidogo. Vimebanana! Vingi! Moyo ukaruka. Na niseme ukweli wote: haukuruka kwa huzuni.

Kwenye vifuko viwili vitatu nilikiona kile kiukuta cha ukingoni. Chembamba, kimekatika katika, lakini kipo. Mtu aliyefundishwa angesimama hapo hapo na kusema, ngoja. Mimi nilisogeza kioo pembeni, nikatafuta mahali ambapo hakionekani. Nikapapata. Nikasema, ndiyo yenyewe.

Jioni ile nilimkuta Mzee nyuma ya nyumba, kwenye migomba, anamwaga mfuko wake. Mkwe mwenye adabu angegeuka. Mimi nikamfuata.

"Shikamoo, Tata," nikamwamkia, yaani baba.

"Marahaba. Huoni niko kazini?"

"Majibu yako nimeyaona."

Mfuko uko mkononi, nusu umemwagika. "Daktari amekuja?"

"Hajaja. Nimeona mwenyewe, kwa hadubini. Ni kansa, Tata."

Na ningekomea hapo, pengine leo ningekuwa na pa kujificha. Lakini kile kicheko cha Jumapili kilikuwa bado kinaniuma. Nikaongeza, taratibu, kama mtu anayetia chumvi, "Na hii ya tezi dume dawa yake inajulikana. Wanatoa mapumbu. Yote mawili."

Mungu wangu, ule uso! Mtu aliyehasi madume ya kata nzima. Anajua koleo linavyolia. Anajua dume linavyotembea likitoka pale, na jinsi majike yanavyolipita siku zinazofuata.

"Hicho kioo chako," akauliza polepole, "hakidanganyi?"

"Hakidanganyi, Tata."

Na hata hilo la mapumbu nililikoroga. Siyo kila mwenye kansa hiyo anafanyiwa hivyo. Inategemea imefika wapi, na kuna matibabu mengine. Nilijua. Nilichagua lile litakalomuumiza.

Asubuhi Mzee hayupo. Kitanda kimetandikwa, koti halipo, simu imezimwa.

Bhoke akasema labda amechoka kukaa mjini, amerudi Machochwe. Akampigia mama yake. Mama mkwe akasema, "Si yuko kwenu?" Hapo ndipo mke wangu alipoweka simu chini na kunigeukia.

"Kuna mtu alimwambia kitu?" akaniuliza. "Mlisemezana?"

"Tusemezane nini, mimi na baba yako? Unajua tunavyopishana."

Nilisema hivyo nikiwa nafunga kamba za viatu, ili nisimwangalie. Tukamtafuta stendi, tukamtafuta kwa ndugu wa Kenyamonta, tukatangaza kanisani. Mimi nilitafuta kuliko wote! Nilikuwa natembea mbele, napaza sauti, na ndani najua kabisa mtu huyu anakimbia nini. Bhoke hali, halali, mimi namfariji. Sijui kama kuna unafiki mkubwa zaidi ya huo chini ya jua.

Daktari wa patholojia akaja. Akakaa, akasoma vioo vya watu kimya kimya, akafika cha Mzee. Akakaa nacho muda mrefu. Mimi nimesimama mlangoni najifanya napanga chupa.

"Njoo uone kitu kizuri," akaniambia. Yule mama anapenda kufundisha. "Ukiangalia haraka unadhani nini?"

"Kansa, daktari."

"Watu wengi wangesema hivyo. Vidogo, vimebanana. Sasa usitazame katikati, tazama ukingoni. Unaona seli hizo bapa, za pili? Zimekatika katika, lakini zipo. Na mipaka ya kundi zima tazama, imetulia, haipenyi popote. Viini vya seli navyo ni vidogo, havijavimba. Huu ni ukuaji wa kawaida tu, unaojifanya kansa. Unadanganya hata sisi." Akaandika jina la kitaalamu la ukuaji huo. "Sitaki kubahatisha na maisha ya mtu. Nitaondoka na kipande nikapake rangi maalumu Mwanza. Ile inashika seli za ukingoni peke yake, zinakuwa kahawia. Zikiwaka, kesi imekwisha."

Kisha akaniangalia. "Mgonjwa hajaambiwa kitu, sivyo?"

"Hajaambiwa, daktari."

Mke, kisha daktari. Uongo ni kama kuhara, ukianza huchagui chumba.

Rangi ya Mwanza ilijibu baada ya siku kadhaa: kahawia tupu, kila kifuko na uzio wake. Mzee Wambura hakuwa na kansa. Alikuwa na tezi iliyokua, kama wazee wengi, ya kutibika na kusahaulika. Ila mwenyewe hakuwepo wa kuambiwa.

Aliyempata ni shemeji yangu, kaka yake Bhoke, ambaye ni wakala wa forodha Sirari. Wabadilisha fedha pale mpakani walikuwa wanasimuliana kuhusu mzee mmoja Mtanzania aliyelala kwa mganga wa mitishamba upande wa Kenya, Isebania, tumbo limevimba kama ngoma, amegoma kabisa kutajiwa hospitali. Amewaambia watu hospitali za Tarime zinahasi wanaume.

Tulivuka mpaka, Bhoke, shemeji na mimi. Tukamkuta kwenye mkeka, nyuma ya duka. Miguu imejaa maji, anasinzia, akiamka anasema maneno yasiyoeleweka. Mfuko wa mkojo haupo. Mpira haupo.

Mganga, kijana wa suruali ya kubana na miwani ya jua, alitupokea kwa tabasamu. "Karibuni wasee. Huyu buda anaendelea poa. Ile mpira ilikuwa inablock dawa, tukaikata tukaitoa. Saa hii anakojoa mwenyewe, cheki hata nguo yake imelowa!"

Imelowa kweli! Kibofu kilikuwa kimejaa mpaka kinamwagika chenyewe, kama pipa chini ya bomba. Hiyo ndiyo aliyoiita kupona. Mkojo uliobaki ulikuwa umerudi juu, unaua figo.

Bhoke akapiga magoti. "Baba, kwa nini ulikimbia? Nani alikuambia watakuhasi?"

Mzee akafungua jicho moja. Alinitafuta mpaka akanipata. "Muulize huyo mtu wa kioo."

Jamani, ningeweza kusema anaweweseka. Nilifikiria! Naapa, wazo lilipita. Lakini Bhoke alikuwa ameshageuka, na uso wangu ulikuwa umeshasema.

"Nilimwambia ana kansa," nikasema. "Niliangalia mwenyewe. Na hana. Daktari amesema hana."

Shemeji alinipiga kofi moja tu, halafu akakumbuka mgonjwa yupo. Tukambeba. Njiani Bhoke alimpakata baba yake. Mzee aliuliza mara moja tu, "Sina?" Bhoke akamwambia, "Huna, baba." Akasema, "Basi huyu ni mwizi," akalala.

Tarime wakamwekea mpira mpya, mkojo ukatoka mpaka nesi akaita wenzake waone. Kisha wakampeleka Mwanza, akasafishwa damu kwa mashine, tukawa tunasubiri kuona kama anakufa au anabaki. Akabaki. Baadaye wakampasua ile tezi. Leo anakojoa kama kijana wa jando, na anahakikisha kila mtu Machochwe anajua, ikiwa ni pamoja na mchungaji.

Lakini figo hazikurudi zote. Mtu aliyeishi kwa nyama na supu chungu sasa analishwa kwa vipimo, bila chumvi, nyama kidogo kama ya paka. Amejaza ng'ombe zizini na hawezi kuwala. Kila akiweka tonge mdomoni jina langu linatajwa, na si kwa sala.

Hospitali iliniita kwenye kikao. Nilieleza yote, pamoja na uongo niliomwambia daktari. Yule mama alisikiliza, akasema sentensi moja: "Mimi nilisoma miaka mingi ili niweze kusema sijui, wewe ulisoma wiki chache ukawa na uhakika." Nikaondolewa kwenye chumba cha vinyama na nikapewa onyo la mwisho. Sikukata rufaa.

Bhoke yuko Machochwe na watoto, anamhudumia baba yake. Nikipiga simu anapokea, ananijibu mambo ya shule na ya homa. Nikiuliza atarudi lini, mtandao unakatika. Mtandao wa Machochwe una akili sana.

Mwezi uliopita nikajikaza, nikaenda. Nimevaa shati la kanisani, nimebeba dawa zake. Mzee alikuwa nje ya boma, amekonda, lakini macho yale yale. Nikamwamkia. Akaitikia. Akaniwekea kiti. Chakula hakikuletwa, hata maji, na aliyekulia Ukuryani anajua ukiwekewa kiti bila maji umeambiwa sema lako uondoke.

"Tata, nimekuja kuomba msamaha. Nilikosea kusoma. Hata madaktari wakati mwingine inawadanganya."

Akatafuna mswaki wake. "Hilo la kusoma nimeshasikia. Binti yangu amenieleza, safu mbili, safu moja, sijui nini. Kukosea ni kwa watu. Mimi pia niliwahi kuhasi dume lisilo lenyewe." Akatema mate. "Ninakuuliza lingine. Siku ile kwenye migomba. Ulipotaja mapumbu yangu. Ulikosea, au ulikusudia?"

Bhoke alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, anasubiri jibu kuliko hata baba yake.

Nikasema, "Nilikosea, Tata."

Mzee akatikisa kichwa, akainuka, akaingia ndani. Bhoke akafunga mlango. Nikaacha dawa juu ya kiti, nikatafuta pikipiki ya kurudi.

Ndiyo maana naandika hapa.

Ndugu zangu wa maabara, anayeandaa asijifanye msomaji. Mkikuta kitu kwenye kioo, kiacheni kwa aliyefundishwa, na yeye mwenyewe ana haki ya kusema ngoja kwanza. Wazee wangu, mkojo ukianza kugoma msijifiche nyuma ya zizi. Siyo kila tezi iliyokua ni kansa, siyo kila kansa ni kifo, na mpira wa mkojo asiutoe mtu wa miwani ya jua. Majibu yapokeeni kwa daktari mwenyewe, akiwa amekaa, na nyinyi mmekaa. Jibu la kuambiwa kwenye migomba si jibu.

Na kama una jambo la kumwambia mgonjwa, jiulize kwanza unamwambia ili iweje.

Kusoma nilikosea. Kusema nilikusudia. Tata, kama kuna mtu atakusomea hapa, jibu lako ni hilo.